Mji Ulioishiwa na Vyungu

Sikuzani binti Feruzi bin Kalume. Kalume alikuwa mfua vyuma kule Manyema. Ndiye aliyewapa watu wake majembe mwaka wa njaa na asidai hata kuku. Feruzi, mwanawe, alivuka ziwa akiwa mpagazi wa wachuuzi wa pembe za ndovu. Mtumbwi ukatoboka katikati ya maji, naye akaliziba tundu kwa kisigino chake mpaka walipoiona milima ya Burundi. Ndiyo maana alichechemea maisha yake yote. Alishuka Rumonge, akasema harudi tena majini, akamwoa Ntirampeba wa Bugarama, mwanamke aliyeteremka mlimani na mbegu za maharagwe kwenye pindo la nguo. Mchikichi wa kwanza alioupanda kule Kizuka ungali umesimama hadi ninapoandika. Hao ndio waliomzaa bibi yangu.

Nimeanza na hao kwa sababu iko watu hapa Rumonge ambao wakilitaja jina la Sikuzani wanaanza na neno "mla-njiani". Waliolianzisha wamekufa. Watoto wao wamelirithi kama mtu anavyorithi nyumba, na wanakaa ndani yake bila kuuliza nani aliijenga. Basi niwaambie.

Kwetu, siku za Wadachi, kula lilikuwa jambo la ndani. Mtoto alifunzwa mapema: ukitafuna, funga mlango. Watu wa mlimani, ndugu za Ntirampeba, walikuwa wakali zaidi. Mwanaume wa mlimani akionwa na mwanamke mgeni akila, anakiacha chakula pale pale, anafuta mkono, anaondoka, hata kama njaa inamtoa roho. Na chakula kilichopikwa hakiuzwi. Utauza muhogo, utauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, lakini tonge? Kuuza tonge ilikuwa kama kuuza titi la mama.

Sikuzani alilelewa hivyo, kisha akaolewa na mtu wa kinyume chake. Asmani alikuwa mchuuzi wa mawese. Alikuwa na mtumbwi wake, na kila mahali mtumbwi ulipogusa mchanga, Uvira, Ujiji, Usumbura, yeye alikula. Akirudi nyumbani alihadithia vyakula kama wengine wanavyohadithia vita.

"Mama Riziki," alimwambia bibi yangu, "wewe utakufa hujui pilipili ya Mhindi."

"Kuna nini kwenye pilipili ya Mhindi?"

"Kuna Uhindi yote."

"Basi kaa nayo. Mimi iko na sombe yangu ya majani ya muhogo."

Alicheka mtu yule. Bibi alikuwa akisema, kicheko chake kilikuwa kinatangulia mtumbwi. Watu walijua Asmani anafika kabla hawajaona kasia.

Kisha malale yakaingia pwani. Wazee wa leo wanayajua. Vijana hawayajui, na Mungu awaepushe. Kwanza shingo inavimba. Kisha kichwa. Kisha mtu analala mchana, analala akisema, analala akipiga kasia. Asmani alilala hivyo siku moja karibu na Muhuta, mtumbwi ukazunguka peke yake mpaka wavuvi wakauvuta. Wadachi wakatoa amri: watu waondoke ufukweni, vichaka vifyekwe, wagonjwa wapelekwe kambini Usumbura wachomwe sindano. Sikuzani alimwacha mtoto, mama yangu Riziki, kwa Ntirampeba kule Kizuka. Akabeba chombo cha mawese na fungu la ndagala kavu, akampakia mume wake kama mzigo.

Kambi ilikuwa nje ya mji. Ilikuwa na nyumba za mbele na nyumba za nyuma, na katikati ukuta wa miti. Sheria yake ilikuwa rahisi, na hiyo ndiyo iliyomtesa bibi yangu. Mgonjwa anayekula kwa mkono wake mwenyewe anakaa mbele, anapata sindano. Anayelala juu ya chakula anahamishwa nyuma. Kutoka nyuma hakuna aliyekuwa amerudi. Mwangalizi, aliyeitwa Idi, alipita kila mchana saa ya chakula na kutazama midomo ya watu.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya Asmani.

"Mama, huyu hali."

"Anakula."

"Anakula? Tonge iko kwenye shavu lake tangu asubuhi, kama yai kwenye kiota."

Sikuzani akamtikisa mumewe, akamwita, akamfinya. Asmani akafungua macho, akatazama mkono wake kama si wake, akafumba tena. Idi hakuwa mtu mbaya. Alijikuna kidevu, akasema, "Kesho nitapita tena. Umwamshe, mama. Mimi natazama tu, sipendi kutazama."

Basi Sikuzani akaingia mjini kutafuta chakula kinachoamsha. Watu wa pwani yetu waliamini usingizi ule unaogopa ukali: pilipili, tangawizi, kitu chochote kinachochoma. Naye akaukumbuka Uhindi wa Asmani.

Usumbura ile, kwa mtu wa Rumonge, ilikuwa dunia nzima imetupwa chini ya boma. Juu bendera na askari. Chini soko, na nyuma ya soko majiko na vyungu vya kila taifa, kila watu na moshi wao. Moshi wa mawese, moshi wa samli, moshi wa kahawa. Na watu wanakula! Wanaume kwa wanawake, juu ya magunia, juu ya mawe, mashavu yamejaa, wanaongea na chakula kinywani, wanapitwa na kila mtu. Bibi alisimama pale akafunika uso kwa kanga, kana kwamba ni yeye aliyekuwa uchi.

Wa kwanza kumwona alikuwa Kulthumu, mwanamke wa Bagamoyo, mume wake alikuja na askari akafa. Alikuwa akikaanga mandazi kwa mawese, akiyatukana mawese.

"Wee binti wa ziwa! Umepotea au umeiba?"

"Natafuta pilipili ya Mhindi."

"Ya kubeba?"

"Ya kumpelekea mgonjwa."

"Mhindi hampi mtu asiyeonja. Atakwambia umeleta uchawi uharibu kazi yake. Kaa, ule, ndipo ubebe."

"Nile hapa? Njiani?"

Kulthumu akacheka mpaka kijiko kikamtoka. "Shoga, hapa hakuna ndani. Hapa mji wote ni njiani."

Basi Sikuzani akala njiani. Mhindi alikuwa na kibanda nyuma ya duka la nguo. Nduguye alikaanga bhajia na kuweka mtungi wa achari ya ndimu. Bibi alikaa na mgongo kwa watu, kanga kichwani, akaweka kipande ulimini. Alisema masikio yalilia. Alibadilisha kwa ndagala, akafunga achari katika jani la mgomba, akakimbia.

Akamtia Asmani kipande mdomoni. Kwanza hakuna. Kisha machozi yakaanza kushuka katika macho yaliyofumba, kisha macho yakafunguka, na kile kicheko kikatoka, kidogo, chenye kutu.

"Uhindi," akasema.

"Uhindi yote, Baba Riziki. Kula."

Akala kwa mkono wake. Idi akapita, akatazama, akaenda zake. Bibi alilia kwa furaha, mara ya mwisho ya furaha hiyo katika maisha yake. Ndivyo alivyoniambia, na hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Kesho yake akampa achari ile ile. Asmani akailalia. Akaongeza. Akailalia. Dakika ya mwisho, Idi anaonekana mlangoni, Sikuzani akakumbuka andazi la Kulthumu lililobaki kwenye kanga yake, lenye iliki ndani. Akamtia. Asmani akaamka, akauliza, "Hii ni ya wapi?"

Hapo ndipo alipoelewa. Si ukali uliomwamsha. Ni ugeni. Ulimi wake uliamka kumpokea mgeni, kama mtu anavyoamka mlango ukigongwa, na mgeni akishajulikana ulimi unalala tena. Kila chakula kilimwamsha mara moja, basi. Kwa hiyo kila siku ya Mungu ilihitaji chungu kipya.

Akawa anazunguka mji ule asubuhi hadi mchana. Alichota maji kwa watu, alitwanga, aliosha masufuria, alilipwa kwa tonge. Akaacha kugeuza mgongo. Hakukuwa na nafasi ya aibu. Wapiga kasia wa Rumonge walimwona pale, mke wa mtu, amekaa juu ya jiwe mbele ya wanaume, anatafuna. Jina likapanda mtumbwi, likafika nyumbani kabla yake.

Kulikuwa na Sharifa, Mnubi, mke wa askari, aliyetandaza unga uliochacha juu ya bamba la moto mpaka ukawa mkate mwembamba kama jani, akaula na bamia kavu iliyopondwa.

"Nyinyi wa ziwani," Sharifa alimwambia, "mnanuka samaki mpaka kwenye dua."

"Na nyinyi mnachachisha unga halafu mnauita chakula."

"Weka mdomoni kwanza, ndiyo utukane."

Akaweka, hakutukana. Asmani alipouonja mkate ule aliuliza kama Riziki ameota meno. Riziki alikuwa tayari anakimbia. Bibi akasema, "Ndiyo, ameota mawili." Hakuona faida ya kumrudishia miaka aliyoipoteza.

Kahawa ya Mwarabu yenye tangawizi ilimfanya amtaje mama yake. Wali wa mtu wa Ujiji ulimfanya amwite bibi yangu kwa jina la mwanamke mwingine, kwa sauti laini sana. Nilimuuliza bibi kama aliumia. Akasema, "Alikula. Hata hilo lilinifaa." Kisha akasafisha ndagala zote zilizokuwa kwenye ungo.

Siku moja alichoka, akasema leo nitampa chakula cha kwetu. Akaenda kwa Wamanyema, watu wa baba yake, wakampa bukari, ndio ugali wao, na sombe iliyopikwa vizuri, mawese yanaogelea juu. Asmani alipitiwa na usingizi kabla hajafunga mdomo. Chakula cha nyumbani kilikuwa kama mto wa kulalia. Siku hiyo ni tende moja tu, aliyopewa na Kulthumu kwa bahati, iliyomwokoa.

Mji ulikuwa mkubwa lakini vyungu vyake vina mwisho. Kulthumu alimsaidia kudanganya: wakachanganya tende na samaki, achari na uji. Haikufaa. Ulimi wa Asmani uliwatambua wote wawili chini ya kanga moja. Mwishowe akabaki Mgiriki karibu na boma, ambaye Wazungu walikula kwake nguruwe. Bibi hakuingia. Alisimama nje na mtungi wa maji kichwani mpaka mtu yule akamhurumia, akampa dirishani matunda madogo meusi ya chumvi, yenye kokwa ndani.

Asmani alitema kokwa, akaigeuza kwa kidole. Siku hiyo macho yake yalikuwa safi kuliko siku zote.

"Ya nani hii?"

"Ya Mgiriki."

"Mpaka kwa Mgiriki umefika? Wewe uliyekuwa unafunga mlango?" Akatabasamu. "Basi mji umekwisha, Mama Riziki."

Kumbe alijua. Alikuwa anahesabu naye, ndani ya usingizi wake, mlango kwa mlango.

"Haujakwisha," bibi akasema.

Akafikiri, au akasinzia, haijulikani. Kisha akasema, "Nimekula kwa watu wote wa ziwa hili. Kwa wakwe zangu tu ndiyo sijala. Mama yako alinipikia cha pwani, chake akala nyuma ya nyumba. Sijui kina nini." Akafumba macho.

Ilikuwa kweli. Chungu kimoja mjini kilibaki, na hakikuwa sokoni. Wapagazi wa mlimani walioshushwa na mizigo ya Wadachi walibeba chungu chao, wakapika mbali, ndani ya matete mtoni, na kula wamepeana migongo. Walikula mara moja tu wakiwa Usumbura, kisha mizigo tena, kupanda. Chungu hicho hakiuzwi. Hakiombwi na mgeni. Na binti wa Ntirampeba alijua vizuri kuliko mtu yeyote sokoni kitakachotokea akisimama pale.

Alisimama pale.

"Amahoro," akasema, akiwasalimu kwa lugha ya mama yake.

Migongo ikakakamaa. Hakuna aliyegeuka. Mzee wao, mtu mwenye kidonda kibichi utosini pale mzigo ulipokaa, alisema kwa Kirundi, bila hasira: "Geuka, mama. Tumetoka mbali."

Angegeuka, wangemaliza kula. Hilo tu. Angehesabu pumzi zake akitazama ziwa, wangeshiba, na huenda wangemwachia makombo.

Lakini saa ya Idi ilikuwa inakaribia. Na makombo hayatoshi mtu kula kwa mkono wake. Hakugeuka.

Mzee akafuta mkono kwenye nyasi. Wengine wakafuta mikono. Mmoja alikuwa ameshatia tonge mdomoni; alilitoa akaliweka juu ya jani, polepole, kama mtu anavyoweka mtoto aliyelala. Wakainua mizigo yao, wakaondoka bila kumtazama. Chungu kikabaki kinatoa moshi: maharagwe na ndizi mbichi, na majani machungu ya mgagani, bila chumvi. Hakuna aliyemtukana. Bibi alisema angetukanwa angepona.

Alikibeba mbio. Akamkalisha Asmani, akampa.

"Baba Riziki. Ni cha wakwe zako. Fungua macho, ni cha mama yangu."

Asmani alitafuna mara chache. Akaacha. Tonge likakaa shavuni; hata ugeni haukumwamsha tena. Bibi akamwita kwa jina lake, kwa jina la mtoto, hata kwa jina la yule mwanamke mwingine. Idi alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kofia mkononi.

"Mama," akasema, "basi sasa."

Watu wawili walimbeba kupita ukuta wa miti. Bibi alizuiwa. Alibaki na chungu cha watu mikononi.

Alirudi sokoni kukitafutia wenyewe. Kulthumu akamwambia, huku akigeuza mandazi, hajui anasema nini: "Umesikia? Mpagazi mmoja ameanguka kwenye mpando, ng'ambo ya mto. Mzigo umefika, yeye hakufika. Wanasema walipanda na tumbo tupu. Wendawazimu hawa wa mlimani, wanapika halafu wanaacha chungu."

"Ni yupi?" bibi akauliza. "Mwenye kidonda?"

"Nitajuaje, shoga? Wote wana kidonda."

Hakujua ni yupi mpaka alipokufa yeye mwenyewe.

Asmani alizikwa nyuma ya nyumba za nyuma, na bibi alionyeshwa mahali kwa kidole tu. Akarudi Rumonge kwa mtumbwi wa watu waliokuwa wanamcheka kichinichini. Watu walipoanza kurudi ufukweni, naye akateremka kutoka Kizuka, akajenga jiko karibu na mahali mitumbwi inaposhukia. Akapika vyote: achari, mkate mchachu, mandazi ya iliki, wali. Wenye mitumbwi walipenda. Kwa hao aliuza. Alisema wao na yeye ni wa njiani.

Lakini pembeni, chini ya njia inayoteremka kutoka Bugarama, aliweka pazia la makuti ya mchikichi, lenye urefu wa mtu aliyechuchumaa. Nyuma yake alitenga chungu cha maharagwe na ndizi, na mgagani. Wanaoteremka na mizigo walikula pale, wakaacha chungu kitupu. Hicho hakukiuza hata siku moja. Alipokwisha kutenga, alikaa mbele ya pazia, mgongo kwao, uso kwa ziwa. Na yeye mwenyewe alikula hapo hapo, peupe, mbele ya kila apitaye. Mama yangu alimsihi: "Mama, ingia ndani, watu wanakucheka."

"Niliwaona wenzangu wakila," alijibu. "Na mimi nionwe."

Alikula ugali mtupu. Vile alivyopika vyote hakuvionja. Alipika kwa pua.

Mimi nilizaliwa nikamkuta hivyo. Mwaka aliochoka, nikiwa nimeshaolewa, nilimkuta amelala mkekani, uso ukutani, anasikiliza njia.

"Mujukuu wangu, pazia lina tundu."

"Nitaliziba kesho, bibi."

"Kesho? Baba yangu aliziba tundu kwa kisigino, wewe unaniambia kesho?" Bado alikuwa mkali. "Makuti yanakauka upesi, usiyangoje yapasuke. Kata mabichi kwenye mchikichi wa Ntirampeba, usuke mara mbili. Ukishatenga chungu?"

"Nageuza mgongo."

"Wakikuita?"

"Nageuza mgongo."

"Na nyumbani iko mgonjwa, na wewe una haraka?"

Alinyoosha mkono, akanishika kisigino, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu naye, akakibana.

"Nageuza mgongo, bibi."

"Haya. Chukua panga. Iko watu wanateremka."